Vidole Nilivyovichoma Likoni

Kosa langu kubwa la kwanza kazini nililitenda kwa kupenda usafi. Nilichukua karatasi za ridhaa za wagonjwa wetu wa kifua, zile zenye alama za vidole vyao, nikazinakili moja moja kwa mwandiko mzuri. Kisha zile za asili nikazitia katika tanuri la nyuma ya zahanati, pale tulipokuwa tukichomea bendeji, nikasimama na kijiti mpaka zikawa majivu. Nilirudi ndani nimeridhika. Nadhani hata nilikuwa nikiimba.

Nyinyi vijana mnaotunza kumbukumbu za utafiti leo mtacheka, na ni haki yenu. Mimi nilikaa miaka mingi kabla sijaweza kulicheka.

Zahanati yetu ilikuwa Likoni, upande wa njia iendayo Mtongwe. Waingereza walikuwa bado wanatawala, ingawa kila kibaraza kilikuwa kimeshaanza kuzungumza uhuru. Mgonjwa wa kifua kikuu siku zile alilazwa miezi mingi katika wodi ya wagonjwa hao peke yao, akachomwa sindano mpaka akakosa pa kukalia. Daktari wetu, Mzungu mrefu aliyekuwa akiinama kila mlangoni, alitaka kujua kama vidonge vipya vikinywewa nyumbani vingetosha kumponya mtu. Hakuna aliyekuwa na hakika. Ndiyo maana likaitwa jaribio, na ndiyo maana kila mgonjwa ilipasa aulizwe kwanza: unakubali kuwa katika jaribio hili, au wataka dawa ya kawaida? Si kila daktari wa zama zile aliuliza. Wetu aliuliza, na akitaka jibu liwekwe kwenye karatasi.

Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Mimi Hamisi, kijana wa Kisauni, nilitoka shule darasa la nne kwa sababu ya karo. Kiingereza nilijifunza katika kamusi isiyo na jalada, iliyoanzia katikati ya herufi ya B. Kupiga taipu nilijifunza kwa kuchora herufi juu ya kipande cha boksi na kuzigonga kimya kimya, mama akidhani nimepagawa. Mtu aliyejifundisha hivyo huishi na hofu kwamba siku moja ataulizwa cheti. Basi nilipiga shati langu pasi mara mbili. Nilifunga kabati la mafaili, nikafika barabarani, nikarudi kulitikisa. Nikiandika barua na kukosea neno moja, niliianza upya tangu salamu.

Sasa fikirini kijana wa namna hiyo akabidhiwe karatasi ambazo nyingi zilitiwa sahihi majumbani mwa watu. Moja ilikuwa na mafuta ya nazi. Moja ilidondokewa na mchuzi. Nyingine mtoto aliikalia. Za wanawake waliotoka arusini zilikuwa na hina pembeni. Tukaletewa habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka Nairobi kutazama mafaili, nami sikulala. Nilimwona mkaguzi katika mawazo yangu akiinua ile ya mchuzi kwa ncha za vidole. Ndipo nikazinakili. Na pale palipokuwa na alama ya kidole, niliandika ndani ya duara safi: "Dole gumba la kushoto lipo."

Asubuhi alikuja Bi Rukia, muuguzi wetu, mwanamke wa Mji wa Kale aliyekuwa akivuka na feri kila siku na buibui lake limekunjwa mkononi juu ya sare nyeupe. Ndiye aliyenifundisha kazi, maana yule karani wa kabla yangu aliniachia funguo na kikohozi tu.

"Shikamoo, Bi Rukia. Hebu tazama faili."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama. Akafunua ya pili, ya tatu. "Mwandiko huu wafaa kuandikia kadi za arusi. Na vidole viwapi?"

"Nimeandika hapo. Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lilikuwa kwenye ile ya zamani."

"Na ya zamani i wapi?"

Nikaelekeza tanuri kwa kidevu. Alicheka, akashika meza, kisha kicheko kikamtoka usoni pole pole kama maji yanavyotoka kwenye mchanga. "Hamisi," alisema, "umewakata watu vidole."

Aliniacha kwenda kuhudumia foleni, akaniambia nifikirie nitakalomwambia daktari. Sikulifikiria. Nilifungua kidau cha wino, nikatoa karatasi ya juu, nikabonyeza dole gumba langu mwenyewe ndani ya duara. Lilitokea zuri sana. Nikahesabu karatasi, nikahesabu vidole vyangu, navyo havikutosha. Wallahi nilivua kiatu. Nilikuwa nimeinamia mguu wangu Bi Rukia aliporudi kuchukua sindano.

"Hicho kidole ni cha nani?"

"Changu."

"Na jina kwenye karatasi?"

"Mwanamvua."

"Basi maskini Mwanamvua ameota ndevu." Hakucheka mara hii. Alichukua karatasi ile, akaichana vipande viwili, akaniwekea mkononi. "Kuchoma ni ujinga, na mjinga husamehewa. Hili ulitakalo kufanya sasa lina jina jingine. Vaa kiatu twende kwa daktari."

Nimewafundisha vijana wengi tangu siku ile, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo. Karatasi ikipotea, imepotea. Usiizae upya. Andika kwamba imepotea, ilipoteaje, nani aliyeipoteza, uweke tarehe ya leo na jina lako. Kosa katika maandishi hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke chini ya mstari. Karatasi yenye mchuzi na kidole ni karatasi. Karatasi safi isiyo na kidole ni mapambo.

Daktari alinisikiliza akiwa amekaa, mikono magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno likisimama peke yake.

"Hamisi, watu wangapi wamekubali?"

"Wote, bwana."

"Unajuaje?"

Nikageuka kutazama tanuri kupitia dirishani.

"Mimi pia sijui," alisema. "Waulize tena. Tarehe iwe ya siku ile utakayowauliza. Anayekataa apewe dawa ya kawaida, asinuniwe. Lakini siwezi kumpa mtu vidonge vya jaribio baada ya Jumamosi kama hatujui anataka. Asiyepatikana tutamhesabu ametoka, aandikiwe wodi."

Wengi niliwapata kwa urahisi. Wengine walikubali tena kwa vinywa vyao, wakanipa na chai. Huko Changamwe nilimkuta mpakiaji wa bandarini, amekaa nje ya chumba chake ameloweka miguu katika karai, akakataa kwa furaha kabisa. "Kumbe kulikuwa na kukataa? Siku ile ulisoma mbio kama khatibu mwenye njaa, nikadhani ni karatasi ya kuchukulia vidonge. Mimi niandikie sindano, karani. Sindano naiona ikiingia. Vidonge vyenu vya kujaribu, ajaribiwe mumiani." Nikaandika: amekataa. Nililiandika dogo, pembeni kabisa, lakini nikaandika.

Aliyebaki alikuwa Mwanamvua, na kwake ndiko jambo hili lilikoniuma.

Alikuwa binti mdogo, ana mtoto mchanga, ameolewa nyuma ya soko. Mumewe alifanya kazi melini, kwa hiyo aliishi na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba ana kifua. Maradhi hayo yalikuwa na aibu kuliko mnavyoweza kudhani. Mke aliyejulikana kuwa nayo aliweza kurudishwa kwao siku hiyo hiyo, kikombe chake kikavunjwa nyuma yake, na mtoto akabaki. Mwanamvua alikuwa akija siku ya kupima watoto uzito, akichukua vidonge vyake akivifunga katika nguo za mtoto. Siku hiyo ya kupima ilikuwa baada ya ile Jumamosi. Kama hakupatikana, angeandikiwa wodi, na kadi ya wodi ilipelekwa nyumbani na bwana afya aliyevaa kofia, barabarani watu wakimfuata kuona anapiga hodi kwa nani.

Nami, kwa ile pupa yangu ya kutengeneza nilichoharibu, nilifanya nini? Nilikwenda kwake mwenyewe, mchana, nimevaa shati la pasi mbili, na bahasha ya kaki kwapani.

"Hodi."

Mavyaa mwenyewe ndiye aliyetoka, ungo mkononi. Alinitazama kuanzia kiatu.

"Karibu. U nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni… Mwanamvua yupo?"

"Marahaba. Wamtakiani mke wa mwanangu?"

Nyuma yake, uani, nilimwona Mwanamvua anakuna nazi. Aliniona. Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia mlango unavunjwa. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote. Mimi nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Nimepotea njia, mama. Natafuta njia ya feri."

"Umepotea njia ya feri," alisema, "na jina la mkazamwanangu halikukupotea." Alinyosha ungo kuelekea baharini. "Feri ile pale. Ukitumbukia utakuwa umefika."

Nilirudi zahanati nikamsimulia Bi Rukia, nikiuma kucha. Aliniacha nimalize.

"Bahasha umekwenda nayo?"

"Ndiyo."

"Ya serikali?"

"Ndiyo."

"Ungebeba na tarumbeta." Akaivuta bahasha kwapani mwangu. "Ana somo?"

Kwa wale wasiozaliwa pwani, somo ni mwanamke anayemfunda msichana avunjapo ungo na kumsindikiza katika ndoa yake. Somo akimwita mwari wake, hata kama mwari ameshakuwa na wajukuu, huenda. Mume hana la kusema, na mavyaa hathubutu kuuliza kuna nini, maana mambo ya somo na mwari hayaulizwi. Bi Rukia alimjua mwanamke huyo kwa kuwa wanawake wote wa Likoni alikuwa amewachoma sindano au amewazalisha. Alimwendea jioni ile, naye somo akamtuma mjukuu wake na maneno mawili tu: "Aje Ijumaa."

Ijumaa ilikuwa kesho yake, na vidonge vya Mwanamvua vilikuwa vimebaki vya kuhesabika. Mimi niliingia nyumbani kwa somo kupitia uani, nimevaa kikoi na kanzu kuukuu ya marehemu baba, karatasi nimeifunga ndani ya mkeka. Bi Rukia alinitazama akasema, "Sasa wafanana na mtu."

Mwanamvua alikaa sakafuni karibu na somo yake, mtoto amelala pajani. Nilimwomba radhi kwa kwenda nyumbani kwake. Nikamweleza kwamba karatasi yake niliichoma kwa ujinga, kwamba imenipasa nimuulize upya. Kisha nikasoma, lakini si mbio. Nilisoma sentensi, nikaisema tena kwa maneno ya nyumbani, nikanyamaza.

Alikuwa akitazama mkeka. Nikafika mwisho. "Basi, umeridhia?"

Akanyamaza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipokuwa kosa langu la kweli, na lile la tanuri lilikuwa moshi wake tu. Mimi ni mtoto wa Kiislamu, nimehudhuria ndoa nyingi. Mwari anapoulizwa kama ameridhia kuolewa, huinamisha uso akanyamaza, na kimya chake huhesabiwa ndiyo. Mara ya kwanza pale zahanati Mwanamvua aliinamisha uso akanyamaza hivi hivi. Nami, kijana mwenye adabu, sikutaka kumtia haya kwa kumlazimisha kusema. Nikashika kidole chake kwa kitambaa safi, nikakibiringisha juu ya wino vizuri kabisa, ukucha hata ukucha, nikaandika: ameridhia. Na si yeye peke yake. Wanawake karibu wote niliwaandika hivyo.

Hata pale kwa somo mkono wangu ulikwenda kwenye wino wenyewe. Somo akanigonga kiganja kwa upepeo.

"Wafanyani?"

"Amenyamaza, mama."

"Kunyamaza ni kwa mwari siku ya ndoa. Na hata siku hiyo mimi humuuliza kwanza chumbani, faragha, mpaka aseme. Wewe wampa dawa au wamposa?"

Bi Rukia akajifanya anakohoa. Mwanamvua akacheka, akajifunika mdomo kwa mtandio, na baada ya kucheka akasema maneno ya kwanza niliyowahi kuyasikia kutoka kwake.

"Kwani nikikataa, vipi?"

"Ukikataa utapewa dawa ya kawaida."

"Wodini?"

"Wodini, na sindano. Hiyo tunajua inaponya wengi. Hivi vidonge hatujui bado kama vitatosha. Huenda vikatosha, huenda visitoshe ikabidi uende wodini baadaye. Na lazima uje tukupime makohozi, kila mara."

"Hili la kutojua hukuniambia."

"Nililisoma."

"Ulilisoma," alisema. "Hukuniambia."

Akampepea mtoto kwa ncha ya mtandio. Nilitaka sana aseme ndiyo. Nilimwona bwana afya na kofia yake kila nilipofumba macho. Ilinibidi nikalie mikono yangu. Kisha akauliza kama mtoto anaweza kuambukizwa, na Bi Rukia akamweleza jinsi ya kulala, kufungua madirisha na kukohoa. Akauliza kama jina lake litapelekwa Nairobi. Nikamwambia itakwenda namba, jina linabaki kabatini kwangu. "Kabati unalifunga?" Bi Rukia akasema, "Hulifunga mpaka linalia."

"Basi nakubali," alisema Mwanamvua. "Leo ndiyo nimekubali. Siku ile nilinyamaza tu, kwa kuwa niliogopa."

Alinyosha kidole mwenyewe. Nilikifuta kwa ndimu, kwa sababu ya tui, maana mafuta huitelezesha alama. Nyinyi hamtahitaji ujuzi huo. Somo akaweka chake kama shahidi, kidole kilicholainika kwa kusuka makuti hata hakikuwa na mistari, ikabidi nitumie cha pete na kuandika hivyo pembeni. Karatasi ilitoka na baka la ndimu na vumbi la mkeka. Niliipeleka kwa daktari kama ilivyo.

Nilimpa pia karatasi nyingine, niliyoiandika kwa mkono wangu, ya kwamba huyu na wale wengine hawakuwahi kusema ndiyo mara ya kwanza, mimi niliwasemea. Daktari aliisoma, akaondoa katika hesabu zake majuma yote yaliyotangulia. Kazi ya miezi ikapungua mbele ya macho yangu kwa mistari ya kalamu. Hakunifukuza. Alisema tu, "Hii usiinakili." Mkaguzi alipokuja aliisoma mara mbili, akauliza karani ni nani, nikanyosha mkono kama mtoto wa shule. Alinitazama, akatia sahihi, akaomba maji ya kunywa.

Vidonge vilimfaa Mwanamvua. Havikuwafaa wote, na wengine walikwenda wodini, lakini yeye alinenepa. Siku moja ya kupima watoto nikamwona anaingia na mavyaa wake, amemshika mkono, na yule mama anakohoa. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Wewe si yule aliyepotea njia ya feri?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uliipata?" Akaketi kwa taabu. "Nilipoanza kukohoa, huyu akaniambia: mama, mimi nilikuwa nayo, nimepona, twende. Nikamwambia, mwanangu, waugua nyumbani mwangu wala huniambii? Akanijibu, hukuniuliza." Alimtazama mkazamwana wake, na sikuona hasira katika uso ule, uchovu tu na kitu kama haya. "Ni kweli. Sikumuuliza. Nilimsikia akikohoa, nikaogopa jibu."

Nilipomsomea karatasi alinikatiza kila sentensi. Mwishowe akakataa, akataka sindano, nikaandika: amekataa. Safari hii nililiandika wazi, katikati ya mstari.

Mwaka wa uhuru daktari yule alirudi kwao, na masanduku ya mafaili nikamkabidhi daktari mpya, kijana wetu aliyetoka masomoni. Aliyapitia, akasimama kwenye zile karatasi zenye tarehe za baadaye kuliko siku vidonge vilipoanza, nami kama kawaida nikaanza kurekebisha shati. Akasoma maelezo yangu. "Hizi ndizo ninazoziamini," alisema, akaendelea na sanduku lingine. Bi Rukia alikuwa ameshastaafu. Nilivuka mwenyewe kwenda kumwambia, akaniuliza kama siku hizo bado nilivua viatu kazini.

Siku hizi mambo ni mengine. Karatasi za ridhaa hupitiwa na kamati kabla hazijamfikia mgonjwa. Mgonjwa huombwa aeleze kwa maneno yake alichokielewa, na kimya hakihesabiwi kuwa jibu. Karatasi ikipotea kuna fomu ya kusema imepotea. Na mgonjwa hupewa nakala yake aende nayo nyumbani. Sisi hatukumpa mtu nakala. Mwanamvua angeificha wapi, sijui, lakini ingekuwa yake.